Tepa: Shimo la Nyasi na Ndoo ya Plastiki

Mabibi na mabwana, katika vyakula vya Wayup'ik, wenyeji wa asili wa magharibi mwa Alaska, leo tutakaa na kimoja tu: tepa, vichwa vya samoni vilivyovundikwa ardhini. Nasema kuvundika kwa makusudi, maana kazi yenyewe inafanana na ile ya ndizi.

Samoni wakubwa hupanda mito ya Yukon na Kuskokwim kuanzia Juni. Minofu hukaushwa, vichwa huenda shimoni. Shimo hutandikwa nyasi, vichwa hupangwa, hufunikwa nyasi tena, kisha udongo. Baada ya wiki moja au mbili, kutegemea ubaridi wa ardhi, gegedu limelainika na harufu haifichiki. Huliwa hivyo hivyo, bila kupikwa.

Msidhani huu ni uchachu kama wa mtindi au togwa. Mtindi una sukari ya maziwa, togwa ina wanga. Vijidudu vikila hutoa asidi, na asidi huwafukuza wabaya. Kichwa cha samaki hakina sukari ya maana, asidi haipandi. Kinga inayobaki ni baridi, pamoja na hewa inayopenya kwenye nyasi.

Ndoo ya plastiki ikaziondoa zote mbili. Mfuniko unabana, na mtu huiweka ndani ya nyumba ili tepa iwahi kuiva. Bakteria wa botulinamu aina E, watoao sumu inayopooza misuli, ni wakazi wa matope ya mito na pwani; hawataki hewa na hustawi penye joto. Wakorofi kweli: hata kwenye baridi ya friji, nyuzi 4, wanaweza kukua. Tena hawaongezi harufu. Kichwa chenye sumu hunuka sawa na kisicho nayo, kwa hiyo pua haisaidii.

Basi tumia shimo la nyasi au pipa la mbao, mahali pasipo jua, chini ya nyuzi 3. Plastiki na vioo, hapana. Mwenye shaka achemshe dakika 10 na ale papo hapo. Sumu huvunjika, lakini spora, yaani mbegu sugu za bakteria hao, hubaki. Wazee watasema hiyo si tepa tena, na hawakosei.

Dalili za sumu hiyo kwa kawaida huanza saa 12 hadi 36 tangu kula: kuona kimoja viwili, kope kulegea, kushindwa kumeza. Homa mara nyingi haipo, isiwapumbaze. Mpelekeni mgonjwa hospitali pamoja na masalio ya chakula. Dawa huzima sumu iliyomo kwenye damu. Misuli iliyokwisha kupooza haiiamshi, na ya kupumua iko kwenye foleni.