Kuandikia sikio: mazungumzo na wanafunzi wa utangazaji, Iringa

Kamwene! Haya, hata wa kutoka Mwanza mmeitikia vizuri.

Wengi mmekuja kusoma utangazaji kwa sababu kuna mtu aliwaambia mna sauti nzuri. Mimi aliniambia mjomba. Lakini sauti ndiyo inayorekebishika haraka. Hata hiyo r na l inayotusumbua baadhi yetu hunyooka kwa kusoma kwa sauti kila asubuhi. Kinachochelewa ni kuandikia sikio.

Juzi mwanafunzi wa mwaka wa pili alinisomea hivi: "Wakulima wa viazi mviringo wamelalamikia kitendo cha baadhi ya wafanyabiashara kuendeleza ununuzi wa mazao kwa vifungashio visivyokidhi matakwa ya sheria." Kwenye karatasi huoni kosa. Nikamuuliza, hiyo si lumbesa? Akasema ndiyo, mwalimu. Basi sema lumbesa! Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi analishonea kilemba juu, halafu analipa bei ya gunia lile lile. Mama anayemenya viazi, redio ikiwa dirishani, hapo amekupata. Msomaji wa gazeti atarudia mstari. Msikilizaji ukishampita, umempita.

Na vifaa. Nikiwa mwanafunzi nilimhoji mzee mmoja Makambako, nje, karibu nusu saa. Alisimulia vizuri mno, mimi natikisa kichwa tu. Kinasa sauti hakina sponji ya kuzuia upepo, masikioni sina hedifoni. Usiku nikabonyeza kusikiliza: vuuu, vuuu. Upepo wa Makambako mnaujua. Katika nusu saa yote nilipata neno moja lililo safi, "mwanangu". Tangu siku hiyo sirekodi bila hedifoni, na mahojiano yakiisha naongeza nusu dakika ya ukimya wa mahali pale. Mkianza kuhariri mtaona kazi yake: ndiyo viraka vya kuzibia pale ulipokata.

Kwenda mahali penyewe kuna gharama kubwa kuliko upepo. Tuko Iringa, siwezi kuruka jina la Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi ya mkoa huu, aliyeuawa akiwa kazini Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Huduma za Habari, inayomtaka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hii, na kanuni zake zinataka awe na angalau stashahada ya fani hii. Wazazi wakiuliza ada ni ya nini, jibu mojawapo ni hilo. Ila ithibati haikufundishi wakati wa kusogea karibu na wakati wa kurudi nyuma. Hilo mtawauliza waliotangulia, na muwaulize mapema.

Kazi ya wiki hii: nendeni sokoni, kila mtu na mchuuzi mmoja. Jumatatu mnisomee habari ya sekunde 40. Atakayeniletea "maeneo mbalimbali" anarudi sokoni.