Ralph Kiner na Timu Iliyoshika Mkia

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nimekuja na mtu mmoja tu, Ralph Kiner, aliyecheza besiboli katika jiji la Pittsburgh, Marekani. Nimemchagua kwa sababu inaniuma kusikia mchezaji akipimwa kwa nafasi ya timu yake kwenye msimamo wa ligi.

Kwa msioufahamu mchezo huu: mpigaji husimama na kigongo, mrushaji wa upande wa pili akamtupia mpira. Akiupiga ukavuka uzio wa uwanja, anazunguka vituo vyote vinne bila wa kumzuia. Hiyo ndiyo homurani.

Kiner alikuwa rubani wa jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1946 akaingia Pittsburgh Pirates, na msimu huohuo wa kwanza akaongoza Ligi ya National, mojawapo ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani, kwa homurani 23. Mwaka uliofuata akapiga 51. Mwaka 1949, 54. Aliongoza ligi hiyo, peke yake au kwa kulingana na mwingine, misimu 7 mfululizo, na mpaka leo hakuna aliyefikia mfululizo huo.

Na timu yake? Mwaka 1948 ilishinda michezo 83 na kupoteza 71. Huo ndio msimu pekee mzuri alioupata pale. Mwaka 1950 ilishika mkia. Mwaka 1952 ilishinda 42, ikapoteza 112.

Hapo mtu atauliza, kama alikuwa hodari kiasi hicho, mbona hakuwaokoa? Tatizo ni kwamba tunautazama mchezo ule kwa macho ya soka. Mshambuliaji wa soka anaweza kurudi nyuma, akadai pasi, akabeba mechi nzima mabegani. Katika besiboli wapigaji ni 9 na wanafuata zamu. Kiner alipata zamu nne au tano kwa mchezo, basi. Akishamaliza, anaketi kungoja wenzake 8. Warushaji wa timu yake wakizidiwa, yeye yuko mbali uwanja wa kushoto, hana la kufanya. Watu wa Pittsburgh walilielewa hilo. Wengi walikaa uwanjani Forbes Field mpaka Kiner apige mara ya mwisho, kisha wakainuka kwenda nyumbani, mchezo ukiwa bado unaendelea.

Baada ya msimu ule wa 1952, meneja mkuu Branch Rickey alitaka kumpunguzia mshahara kwa asilimia 25. Alimwambia kwamba wameshika mkia wakiwa naye, na wanaweza kushika mkia bila yeye. Juni 1953 akamhamishia Chicago Cubs.

Rickey hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyemleta Jackie Robinson, mchezaji mweusi, katika klabu ya Brooklyn Dodgers mwaka 1947, akavunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu, na heshima hiyo simnyang'anyi. Pia huko Pittsburgh alianza kuwakusanya vijana, Roberto Clemente akiwemo, waliokuja kutwaa ubingwa mwaka 1960. Lakini neno lile kwa Kiner halikuwa la haki. Aliyepanga kikosi cha 1952 ni nani? Mpigaji hasajili warushaji. Wala hakuwa na uwezo wa kuondoka, kwani mikataba ya enzi hizo ilimfunga mchezaji kwenye klabu yake mwaka hadi mwaka, mpaka klabu yenyewe iamue kumwachia. Kiner alikuwa mwakilishi wa wachezaji wa ligi yake, na yeye na Allie Reynolds, mwakilishi wa ligi kuu ile nyingine, waliwapigania wenzao katika suala la pensheni. Kwangu mimi hilo nalo ni sehemu ya ukubwa wake.

Mgongo ulimtoa uwanjani baada ya msimu wa 1955, akiwa na homurani 369 katika misimu 10 tu. Jumba la Watu Mashuhuri la besiboli likamsubirisha. Mwaka 1975, nafasi yake ya mwisho kupigiwa kura na waandishi, alihitaji kura 272. Akapata 273.

Kufikia hapo alikuwa ameshapata kazi nyingine. Mwaka 1962 ilizaliwa klabu ya New York Mets, ikapoteza michezo 120 katika msimu wake wa kwanza. Kiner alikuwa mtangazaji wao tangu mwaka huo. Aliendelea kuwatangaza hadi 2013, na Februari 2014 akafariki akiwa na miaka 91.