Kuhamishia sisimizi maji moto kwenye mikorosho, na usimwache malkia

Habari zenu wadau, nipo shambani huku Nanguruwe, Mtwara, saa kumi na mbili asubuhi haijafika, giza lipo bado ndo maana mnaona natumia tochi ya simu, na sijaja saa hizi kwa kupenda, nimekuja kwa sababu hawa jamaa tunaowafuata wakati wa baridi kama huu wengi wapo ndani ya viota. Jua likishapanda wanatawanyika mti mzima na hapo utajuta.

Tunawazungumzia maji moto. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, ukipita chini ya mti wanakudondokea shingoni. Wengi tumekua tukiwachoma moto au kuwapulizia dawa, mimi mwenyewe nimewachoma sana nikiwa mdogo, kumbe ndo walinzi wenyewe wa korosho. Angalia hapa, ngoja nisogeze simu, unaona hili chipukizi limekauka lina vidonda vyeusi? Hiyo kazi ya mbu wa mikorosho, sio mbu wa malaria jamani, ni kidudu chembamba kina miguu mirefu, kitaalamu Helopeltis, anachoma chipukizi na maua ananyonya, mate yake yana sumu ndo maana panaungua. Mwenzake ni kunguni, sio wa kitandani, ni Pseudotheraptus wayi, yeye anapenda korosho changa, anaidunga, ikikomaa unaibangua unakuta madoa kwenye punje, na mnadani hapo ujue daraja la kwanza umeliaga. Hilo jina wayi ni la Michael Way, Mwingereza aliyekuwa Zanzibar miaka ya 1950 anachunguza minazi, na aliowachunguza pamoja na minazi ni hao hao maji moto. Na hapa kwetu Tanzania mtafiti Moses Olotu na wenzake walitoa utafiti mwaka 2013 kwenye mikorosho, miti yenye maji moto ilikutwa na uharibifu mdogo wa mbu na kunguni kuliko miti isiyo nao. Na Wachina wenyewe walikuwa wanauziana viota vya ndugu yake huyu kwa ajili ya michungwa, imeandikwa tangu mwaka 304. Kwa hiyo sio mambo ya kubahatisha haya.

Haya, vifaa. Mkasi wa kupogolea, viroba visivyotoboka, kamba ya manila, ngazi, shati la mikono mirefu, na suruali ichomekwe ndani ya soksi, sio nje, ndani. Chukua na majivu ujipake mikononi, yanawateleza kidogo wasipande haraka.

Kwanza kabisa usianze na maji moto, anza na mkorosho unaotaka kuwapeleka. Jioni ya jana niliweka kipande cha dagaa kwenye shina la kila mti halafu nikasubiri kama nusu saa. Hapa, ona, dagaa amejaa visisimizi vidogo vya kahawia, baadhi yao wana vichwa vikubwa visivyolingana na miili. Hao ni Pheidole, wanakaa ardhini na ndo adui mkubwa wa maji moto, ukiwaleta wageni kwenye mti wa hawa watapigwa na kufukuzwa. Mti huu naruka. Mti ule wa pili dagaa yupo vilevile, huo ndo naenda nao. Zanzibar kwenye minazi walitumia chambo chenye sumu ya hydramethylnon kuwapunguza Pheidole, ila mimi sijafika huko, nachagua tu mti usio nao.

Sasa kutafuta koloni. Hapa ndo nilipoharibu mwaka jana na nawaomba msirudie. Niliona mwembe umejaa viota, nikakata kumi na kitu vile vya chini vinavyofikika, nikahamishia kwenye mikorosho yangu minne, wakaanza kazi vizuri nikafurahi nikawatambia majirani, baada ya miezi michache wakawa wanapungua, wanapungua, mpaka wakaisha. Sababu ni malkia. Koloni la maji moto wa kwetu kwa kawaida lina malkia mmoja tu, viota hata vikiwa mia vimetapakaa miti mitatu minne, yeye yupo kwenye kimoja. Wafanyakazi bila yeye hawana wa kuwazalia wafanyakazi wengine, wakitaga wao yanatoka madume matupu. Mimi nilikuwa nimehamisha wazee watupu.

Kwa hiyo chagua koloni dogo, mti mmoja uliojitenga, viota kumi na tano mpaka ishirini hivi, unavyoweza kuvimaliza vyote siku hiyo hiyo, usikisie eti kile kikubwa ndo cha malkia. Na kama una miti miwili yenye viota hujui kama ni ukoo mmoja, chukua kijiti chenye maji moto wa mti huu ukiguse kwenye tawi la mti ule. Wakigusana pembe na kuendelea na safari zao ni ndugu. Wakikamatana miguu na kuvutana, ni koloni mbili, usizichanganye, watauana na wewe utabaki na mifuko ya maiti.

Kukata: msaidizi anashika kiroba wazi chini ya kiota, mimi nakata tawi juu ya kiota linaingia lote na majani yake, tunafunga mdomo palepale. Usikiminye kiota. Mle ndani kuna mabuu, na mabuu ndo sindano na uzi, mfanyakazi anamshika buu mdomoni anampeleka huku na huku kwenye kingo za majani, buu anatoa hariri, jani linashonwa. Mi kila nikiliona hilo nashangaa upya. Ukiua mabuu hawana cha kushonea nyumba mpya. Aaah! Ameshaingia mmoja, samahani wadau... haya tuendelee.

Kwenye mkorosho tunafunga viroba kwenye panda la matawi, tunafungua mdomo, tunaondoka. Viroba vyote vya koloni moja viende miti ya jirani, na koloni lingine liachiwe safu ya miti katikati. Mti hadi mti nafunga kamba, wanaitumia kama daraja, hawapendi kushuka chini. Wiki mbili za mwanzo naweka maji ya sukari kwenye chupa iliyokatwa na dagaa wachache juu ya tawi, wasitamani kurudi.

Kuangalia kama wamekaa ni rahisi, hesabu matawi makubwa. Zaidi ya nusu ya matawi yakiwa na msururu wa maji moto mti una ulinzi, yakiwa machache ongeza chakula na kagua kamba. Halafu nina fremu ya vijiti mita moja kwa mita moja, naishika kwenye majani pande nne za mti, nahesabu machipukizi yote na yenye vidonda vyeusi, naandika kwenye daftari kila wiki mbili kuanzia machipukizi ya Juni mpaka korosho changa.

Wengi mnaniuliza wakati wa kuvuna itakuwaje. Korosho tunaokota chini na bibo lake, hupandi mti, kwa hiyo kuumwa sana ni siku ya kupogolea tu. Kasoro yao kubwa ni kwamba wanafuga vidung'ata, wadudu wadogo wanaonyonya utomvu, kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa, ukiona majani yananata na kuwa meusi pogoa tawi hilo mapema. Ubwiri unga hawauwezi, ule ni ukungu, salfa utaendelea kupuliza. Ila dawa ya wadudu usiiguse kwenye miti hii, na ongea na jirani yako wa upande upepo unakotoka kabla hajawasha bloa lake la kupulizia dawa, mimi naenda kwake sasa hivi nikishavua hili shati.