Mkono wa Nahodha na Skrini ya Gari

Assalamu alaikum wazee wangu, nanyi vijana wa Amu.

Juzi nikija kutoka Malindi, mvua ilitukuta karibu na Garsen, kioo cha mbele kikajaa ukungu. Dereva akatafuta swichi ya kupuliza hewa, hakuna. Ikabidi apekue skrini kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa, huku gari likiacha lami. Hakuwa mzembe. Alifanya alichotakiwa na gari lenyewe.

Kwa nini swichi ziliondolewa? Watu husema ni kuiga Tesla, iliyotoa Model S mwaka 2012 na skrini ya inchi 17. Kuiga kupo, lakini msingi ni hesabu. Kila swichi ina kalibu yake, waya wake na mtu wa kuifunga, tena huamuliwa mapema, kabla gari halijaanza kuundwa. Skrini ni moja. Marekani, tangu Mei 2018, gari dogo jipya lazima liwe na kamera ya nyuma, kwa hiyo skrini imo tayari. Kuongeza kitufe ni kuandika programu tu, hata gari likiwa limeshauzwa. Kiwanda kinaokoa pesa, na dereva analipa kwa macho yake.

Mwaka 2022 jarida la Uswidi, Vi Bilägare, lilipima jambo hili kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Kwenye Volvo V70 ya 2005, yenye swichi, dereva alimaliza kazi alizopewa ndani ya mita 306. Kwenye MG Marvel R, yenye skrini, mita 1,372. Pimeni wenyewe: ni karibu nusu ya njia ya kutoka mjini Amu hadi Shela.

Nyinyi mabaharia mnalijua hili kuliko mimi. Usiku nahodha hutazama maji na tanga. Kana, ule mti wa usukani, i mkononi, haitazami. Agosti 2017, manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, wakafa mabaharia 10. Skrini za usukani na mwendo ziliwachanganya. Mwaka 2019 jeshi lao la majini likaamua kurudisha vishikio vya mkono.

Kwenye magari, Euro NCAP, wapimaji usalama wa Ulaya, walitangaza mwaka 2024 kwamba kuanzia 2026 watataka swichi halisi kwa mambo matano: indiketa, taa za hatari, honi, waipa na simu ya dharura. Nimefurahi. Ila ukungu wa kioo hawakuutaja, nami bado naiona ile lami ya Garsen ikitukimbia.