Daktari wa upasuaji anatafutwa ngiri ikiwa bado inarudi ndani

Mhadhara uliotolewa kwa wanakijiji, wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana mliosimama dirishani, hamjambo?

Mwenyekiti ameniita nijibu swali moja: mtu akiambiwa anatakiwa kupasuliwa, amtafute daktari gani, na ampate wapi? Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwaka wa 22 sasa. Nitajibu kwa kupitia ugonjwa mmoja, ngiri, kwa sababu hapa ndani wapo wanaotembea nao, na kwa sababu uliingia nyumbani kwetu.

Kwanza tuelewane kwenye jina. Wazee wanaita mshipa. Wauza dawa wa stendi wanaita ngiri kila kitu: kiuno kikiuma ni ngiri, nguvu za kiume zikipungua ni ngiri. Ngiri ninayoisema mimi ni sehemu ya ukuta wa tumbo iliyolegea ikaacha tundu, mara nyingi kwenye kinena, na utumbo unapenya hapo. Ukikohoa au ukibeba pampu ya kupulizia mikorosho, uvimbe unatokeza. Ukilala chali, unarudi. Kwa mtu mzima tundu lile halizibiki kwa mzizi wala kwa mafuta ya kuchua. Linashonwa, au linawekewa wavu maalumu.

Busha ni kitu kingine. Hayo ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, na huku kwetu kusini mengi yametokana na matende tunayoambukizwa na mbu. Njia moja ya kuyatofautisha ni rahisi kuliko mnavyodhani. Tabibu anafunga dirisha, anaweka tochi nyuma ya uvimbe. Kama ni maji, mwanga unapita na uvimbe wote unawaka wekundu, kama kiganja ukikiweka mbele ya tochi usiku. Kama ni utumbo, kwa mtu mzima kwa kawaida mwanga haupiti. Kisha anapapasa kwa vidole sehemu ya juu ya uvimbe: busha lina mwisho unaoshikika, ngiri imepanda kuingia tumboni. Vyote viwili vinapasuliwa, lakini upasuaji wake haufanani, na mtu aliyekuandikia oparesheni bila kukupapasa hajakupima.

Baba yangu mdogo alikaa na ngiri miaka minane. Alikuwa anaikandamiza kwa mkanda wa kitambaa, na akilala inarudi, basi akaona amani ipo. Siku moja wakati wa palizi haikurudi. Ikawa ngumu, ikauma, akaanza kutapika, na hata hewa haitoki chini. Jioni hiyo ndugu wakakaa kikao. Mmoja anataka apelekwe Dar es Salaam, Muhimbili, kwa basi la alfajiri, kwa sababu kuna jamaa alipasuliwa huko akapona. Mwingine amesikia kuna daktari mzuri Lindi. Mwingine anasema tumkande kwa maji ya moto, itarudi. Usiku ukapita tukitafuta jina la daktari. Alipofikishwa hospitali iliyokuwa karibu, ilikuwa siku ya pili mchana.

Niwaambie kinachofanyika mezani, kwa sababu ndicho ninachokijua. Utumbo wenye afya una rangi ya waridi na unang'aa. Uliobanwa unakuwa kama bilinganya. Daktari akiufungua pale ulipokabwa, anaufunika kwa vitambaa vilivyolowekwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, kisha anasubiri. Dakika kadhaa. Chumba kizima kinanyamaza, tunaangalia kama wekundu utarudi. Ukirudi, anaurudisha tumboni. Usiporudi, kipande kile kimekufa, kinakatwa na ncha zinaungwa. Wa baba mdogo haukurudi. Alikatwa, sumu ilikuwa imeshaenea mwilini, na siku ya nne tulimzika.

Oparesheni ile ile, ikifanywa kwa kupangwa, huchukua kama saa moja, mara nyingi kwa ganzi ya mgongo, na wengi hurudi nyumbani siku ya pili. Ndiyo maana nimekuja leo, wakati hakuna anayelia.

Sasa, nani anapasua? Kuna daktari aliyesoma chuo kikuu miaka 5 na kufanya mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Kuna bingwa wa upasuaji, ambaye baada ya hapo amerudi darasani na wodini miaka kadhaa, iwe Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando Mwanza, au kupitia chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha. Huko mwanafunzi hufundishwa akiwa kazini hospitalini, miaka 5 hadi anahitimu upasuaji wa jumla. Na kuna madaktari wasaidizi, waliotoka kwenye utabibu, ambao Tanzania ilianza kuwafundisha miaka ya 1960. Msiwadharau. Mama wengi wa vijijini nchi hii waliojifungua kwa upasuaji wamepasuliwa na hawa. Wenzetu ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wana matekinisheni wa upasuaji, watu wasio madaktari waliofundishwa kupasua, tangu 1984, na wamebeba hospitali za wilaya mgongoni.

Bingwa wa upasuaji wa jumla anashika tumbo, ngiri, kidole tumbo, mawe ya nyongo, goita, uvimbe wa titi, vidonda na majeraha. Ngiri ya kawaida si lazima uifuate Muhimbili. Anzia zahanati, upimwe, upewe barua ya rufaa. Barua hiyo ni mali, msiikunje mkaitia mfukoni na tumbaku. Itakupeleka hospitali ya Mkomaindo hapa Masasi, au Ndanda kwa Wabenediktini, ambako watu wa kusini wamepasuliwa tangu enzi za wamisionari. Ikishindikana hapo, ndipo hospitali ya mkoa ya Ligula au hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara. Mwenye bima aulize kabla, maana ukiruka ngazi unaweza kulipa mwenyewe. Na ukitilia shaka kama mtu ni daktari kweli, Baraza la Madaktari Tanganyika lina daftari lenye majina yao. Kuuliza si utovu wa adabu.

Mwaka 2015 tume ya kimataifa iliyoundwa na jarida la Lancet ilisema watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji ulio salama na wanaoumudu, ikataka angalau watu 80 kati ya 100 katika kila nchi waweze kufika penye upasuaji wa lazima ndani ya saa mbili. Pimeni wenyewe: kutoka hapa hadi Mtwara mjini, usiku, gari halijapatikana. Kwa hiyo ngiri ikikwama, hospitali ya kwanza yenye chumba cha upasuaji ndiyo yenu. Msiisukume kwa nguvu, msimpe mgonjwa chakula wala uji, mpelekeni.

Ukiwa na muda, hapo una haki ya kuuliza. Watu huuliza jina la daktari tu. Mimi ningeuliza: usingizi au ganzi atanipa nani, na atakaa na mimi mpaka mwisho? Damu ipo? Oparesheni kama hii mnafanya mara kwa mara hapa? Usiku wodini nani anatuangalia? Nimeona mikono hodari ikishindwa kwa sababu oksijeni iliisha. Mkono wa daktari ni mmoja tu kati ya mengi mle ndani.

Na siku yenyewe, sikilizeni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya kukagua usalama, yenye vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya kutoka. Mimi ndiye ninayeisoma kwa sauti. Jina lako nani? Unafanyiwa nini? Upande gani, kulia au kushoto? Wazee wengine hukasirika: "Kwani hamnijui, si mmenipokea jana?" Tunakujua, baba. Tunataka ulitaje upande mwenyewe, na alama ya kalamu iwe kwenye ngozi yako kabla hujalala. Wasipokuuliza, waambie wewe.

Mnaniuliza kuhusu kambi za mabingwa. Ni jambo jema, na si geni: mwaka 1956 madaktari watatu wa upasuaji walikubaliana chini ya Kilimanjaro kuwafuata wagonjwa vijijini kwa ndege, na mwaka 1957 likazaliwa shirika la afya la Amref. Kambi ikija wilayani, nendeni. Ila kabla ya kulala mezani uliza: mabingwa wakiondoka Ijumaa, kidonda changu kikitoa usaha Jumatatu, nimwone nani? Wakikutajia mtu na hospitali, sawa. Wakisitasita, chukua namba ya foleni ya hospitali yako.

La mwisho ni la kalenda. Baada ya kushonwa hutakiwi kubeba mzigo mzito kwa wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo hela ya korosho ikiingia, tenga ya oparesheni kabla ya bati na pikipiki, na upange tarehe ambayo pampu haijarudi mgongoni. Mama, na ninyi mnajua nani nyumbani anaficha uvimbe. Mwambieni faragha, si mbele ya watoto.

Tabibu wa zahanati yenu na mimi tutakaa kwenye kile chumba cha mwisho hadi saa kumi. Dirisha tumeshalifunga, tochi ipo. Aje mmoja mmoja.