Tivii Iache, Muangalie Mtoto

Asalaam aleikum jamani, wale wa nyuma sogeeni mbele, feni yenyewe ndo hii moja.

Haya. Kila siku mnaniuliza mwalimu, katuni ipi nzuri kwa hawa wa chekechea, mnataka nitaje jina muende zenu. Sitaji. Nawaambia siku moja tu kaeni, tivii muiache, mumuangalie mtoto.

Hii sijaitunga mie. Marekani walipokuwa wanatengeneza Sesame Street, kipindi cha tivii cha watoto kilichoanza kurushwa 1969, mtafiti wao Edward Palmer alikuwa anamuweka mtoto mbele ya kipindi, pembeni kuna picha za slaidi zinabadilikabadilika, halafu anaandika mtoto kageuka wapi. Akigeukia slaidi basi hapo kipindi kimepwaya, warekebishe.

Ila kukodoa macho nako kusiwadanganye. Mjukuu wangu alipokuwa na miaka minne, kwangu hapo Ngamiani, alikuwa anaangalia katuni ya kukimbizana, picha inaruka kila ukipepesa jicho, mtoto mdomo wazi, kipande cha mkate wa kumimina mkononi nzi wanatua hana habari. Nikazima. Nikamuuliza, haya babu, nani kamkimbiza nani? Akaniangalia tu, halafu akachukua mto akamtandika nao mdogo wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia 2011 walichukua watoto 60 wa umri huohuo, wengine wakaangalia katuni ya picha za kasi, wengine kipindi cha taratibu, wengine wakapewa rangi wachore, dakika 9 tu, hata wali haujaiva, na wale wa katuni ya kasi ndo walioshindwa zaidi kutulia na kufuata maelekezo.

Wiki nyingine kaangalia Akili and Me, katuni ya wenzetu wa shirika la Ubongo pale Dar, Akili mwenyewe kabinti ka miaka minne na kanaongea Kiswahili hikihiki. Kipindi kimeisha, namkuta jikoni kamwaga machungwa ya Muheza sakafuni anahesabu, moja, mbili, tatu, tano. Nne kairuka, lakini mimi nilichokuwa nakitafuta nimekiona, kitu kimetoka kwenye tivii kimeingia kwenye mikono.

Na muda jamani. Shirika la Afya Duniani 2019 lilisema chini ya miaka miwili asiwekewe kabisa, wa miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndo vizuri.

Naam mama, sema. Anasema yeye anakaanga samaki na mafuta yanaruka, mtoto nani atamshika? Swali la haki hilo shoga, hata mie namuwekea tivii. Ila weka kipindi kimoja unachokijua, kikiisha tivii inazimwa. Usimpe simu inayojiendea yenyewe video hadi video, maana unamuacha anahesabu ndizi, unageuza samaki upande wa pili, unarudi unakuta anaangalia watu wazima wanatukanana.