Chemchemi Gizani: Kusali kwa Shairi la Yohane wa Msalaba

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu zangu, wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba imani hufundishwa na katekisimu na mahubiri, na mashairi ni ya kupamba sherehe. Jioni hii nawaomba tulisome shairi kama tusomavyo zaburi. Nimechagua moja tu, la Mtakatifu Yohane wa Msalaba, na kabla hatujalifungua ni vizuri tujue lilitungwa wapi.

Usiku wa tarehe 2 Desemba 1577, mjini Avila, Hispania, watawa wenzake wa shirika la Wakarmeli waliopinga urekebisho wa shirika hilo ulioanzishwa na Mtakatifu Teresa walimkamata, kisha wakampeleka Toledo. Huko walimfungia katika kijichumba chenye upenyo mwembamba tu wa mwanga juu ukutani. Ili asome sala za vipindi ilimbidi apande juu ya kibao. Walimchapa viboko. Na jambo zito kuliko yote kwa padre: hakuruhusiwa kuadhimisha Misa. Aliishi hivyo takriban miezi tisa, mpaka Agosti 1578 alipotoroka kwa kujiteremsha ukutani akishikilia vipande vya blanketi alivyovifunga pamoja.

Humo kifungoni ndimo alimotunga shairi la chemchemi. Linaanza hivi: “Naijua vyema chemchemi ibubujikayo na kutiririka, ingawa ni usiku.” Kisha karibu kila ubeti unamalizikia pale pale: ingawa ni usiku. Sisi tuliozoea kuitikia wimbo wa katikati tunajua kiitikio kinavyofanya kazi. Ukikirudia mara ya kwanza unakisikia. Ukifika mara ya saba kimekwisha kuingia moyoni, unakisali.

Tazameni anavyokwenda. Chemchemi imefichika, lakini anajua makao yake. Asili yake haijui, kwa kuwa haina asili. Mbingu na nchi zinakunywa humo. Halafu anataja mkondo unaozaliwa na chemchemi hiyo, na mkondo mwingine unaotoka kwa hizo mbili. Hapo Mkristo ameshautambua Utatu Mtakatifu, bila neno moja la darasani. Mimi mafundisho ya Utatu niliyakariri utotoni na nikayajibu vizuri. Shairi hili ndilo lililonifanya niyaonee kiu.

Na sasa naomba tutue hapa kidogo. Karibu na mwisho anasema viumbe vyote vinaitwa, vinakunywa maji haya hadi kutosheka, gizani, “kwa kuwa ni usiku”. Katika ubeti huo mmoja kiitikio kinabadilika. Giza lililokuwa kikwazo limekuwa ndiyo hali yenyewe ya kunywea. Mtu anayesali na kuona pakavu, anayemwuguza mzazi na hapati jibu lolote toka mbinguni, namwambia akae na ubeti huu kabla hajasema kwamba imani yake imekufa.

Kuna jambo jingine. Shairi zima anasema “najua, najua”. Ni katika ubeti wa mwisho tu ndipo anaposema “naiona”: chemchemi hai ninayoitamani, katika mkate huu wa uzima naiona. Ni padre aliyenyimwa altare anayesema hivyo. Kila nikifika hapo naona aibu kwa Misa nilizohudhuria huku mawazo yangu yakiwa sokoni.

Mtaniuliza: tusomeje sisi tusio wanateolojia? Someni kwa sauti, polepole, ubeti mmoja kwa siku ukitosha. Maelezo yaje baadaye. Huyu mtakatifu, aliyetangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1926, aliandika ufafanuzi mrefu wa shairi lake jingine, utenzi wa bibi arusi na mpenzi wake, alipoombwa na Mama Ana wa Yesu, mkuu wa monasteri ya Granada. Lakini katika dibaji anasema ni heri maneno ya upendo yaachwe na upana wake, kila mtu achote kadiri ya roho yake, wala hakuna sababu ya kujifunga na maelezo anayoyatoa. Mtunzi mwenyewe ametupa ruhusa! Na shairi la chemchemi hakuliandikia ufafanuzi wowote.

Basi tusiendelee kulizungumzia. Karatasi mnazo. Upande wa kulia wasome mistari, upande wa kushoto waitikie, na tukifika kwenye ubeti ule unaobadilika, sote tusimame kimya kidogo kabla ya kuendelea.